Mgeni Siku ya Tatu Mpe Jembe

Ndugu Wanachama,

Siku hizi neno moja lazungumzwa sana katika matawi yetu, kutoka Mtwapa mpaka Gongoni. Neno lenyewe ni hili: je, watu waliokuja kwetu kutoka nchi nyingine, Wapemba waliopata vitambulisho juzi juzi, Wasomali, Wakongo na wengineo, waingie katika chama chetu au wasiingie? Wanachama wengine wasema, na waingie. Wengine wasema, kazi zenyewe hazitutoshi sisi, itakuwaje tuwafungulie mlango watu wa nje? Maneno haya si ya kupuuza, kwa maana yahusu tumbo, na penye tumbo hapana mchezo. Kwa hiyo katika toleo hili twataka kusema nanyi waziwazi.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wengi huitumia methali hii kumfukuza mgeni. Lakini itazameni tena. Methali haikusema siku ya tatu mfukuze, wala haikusema siku ya tatu mpe sadaka. Yasema, mpe jembe. Maana yake mgeni ana wajibu, na mwenyeji naye ana wajibu. Mgeni hana ruhusa ya kukaa akila tu. Na mwenyeji hana ruhusa ya kumlaumu mgeni kwamba halimi, hali jembe amelificha uvunguni mwa kitanda. Swali letu leo ni juu ya hilo jembe: ni mambo gani yanayomfanya mtu aliyehama kwao kwa shida apate kazi ya maana, na ni mambo gani yanayomzuia?

WAPEMBA WA PWANI YETU

Tuanze na mfano ulio karibu. Nenda Mayungu, nenda Kichwa cha Kati hapa Malindi, nenda Watamu au Kilifi, utawakuta Wapemba. Walianza kuja tangu miaka ya 1930, wakifuata samaki. Walikuja kwa dago. Msimu ukiisha wengine hurudi kwao na wengine hubaki. Wakati ule mpaka ulikuwa mstari katika ramani za Wazungu, na bahari ilikuwa moja. Yalipotokea Mapinduzi ya Unguja tarehe 12 Januari 1964, wengine walivuka na jamaa zao kwa kuogopa roho zao. Wakakaa, wakaoa, wakazaa, wakajukuu. Si wote waliokuja kwa kukimbia, lakini wote walikutwa na jambo moja: Kenya haikuwahesabu kuwa raia, na huko walikotoka hawakuwa na makaratasi yanayowatambua.

Ndugu, fikirini maana yake. Mtu ni mvuvi hodari, ajua kusi na kaskazi, ajua bamvua na maji mafu, ajua mwamba gani una changu na kina gani kina nguru. Lakini hana kitambulisho. Basi hawezi kukata leseni ya uvuvi kwa jina lake. Hawezi kuingia kwa haki katika kamati ya wavuvi ya bandari, ile BMU. Hawezi kusajili laini ya simu, na tangu M-PESA ianze mwaka 2007 fedha za samaki zapita katika simu. Basi fedha zake zaingia katika simu ya mtu mwingine, naye hungoja apewe. Hawezi kufungua akaunti ya benki wala kukopa. Mwanawe akimaliza shule, mlango wa kila ofisi una askari aulizaye kitambulisho. Mtu wa namna hii hutoka baharini kwa chombo cha mtu, kwa leseni ya mtu, akauza kwa bei ya mtu. Kazi anayo, usiku na mchana anayo, lakini kazi si yake.

Hali hii ilikwenda karibu miaka sitini. Mwezi Januari 2023 Serikali ilikubali kuwatambua, na mwezi Julai mwaka huo huo Rais akatangaza hapa Kilifi kwamba Wapemba ni mojawapo ya makabila ya Kenya, na vitambulisho vikaanza kutolewa. Kabla yao Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walikwenda kwa miguu kuelekea Nairobi mwezi Oktoba 2016 kudai haki hiyo hiyo, na mwaka 2017 wakapewa vitambulisho. Na Washona walio karibu na Nairobi walitangaziwa uraia mwezi Desemba 2020. Angalieni neno moja: hakuna hata mmoja katika hawa aliyepewa kwa kukaa kimya. Waliungana, wakaandika, wakatembea, wakasema. Hiyo ndiyo kazi ya chama, hata kama wao hawakuiita chama.

KARATASI PEKE YAKE HAITOSHI

Sasa, je, baada ya kitambulisho mambo yamekwisha? Hasha. Jambo la kwanza ni karatasi, kweli, lakini mtu hatii karatasi majini akavua nayo. Aliyekuwa mvuvi asiye na karatasi sasa ni mvuvi mwenye karatasi, na bado hana mashua, hana mashine, hana nyavu. Aliyevua miaka thelathini kwa jina la mwenziwe hana daftari la kuonyesha benki. Kwa hiyo twahesabu mambo yafuatayo, ambayo tumeyaona kwa macho yetu na kwa habari za wenzetu wa mahali pengine.

La kwanza, karatasi yenyewe na nguvu zake. Kenya iliingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mnamo mwaka 1966. Lakini Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ilimweka mkimbizi, kwa habari ya kazi ya mshahara, katika masharti yale yale ya mgeni mwingine yeyote, kana kwamba amekuja na tikiti ya ndege na barua ya kampuni. Sheria mpya ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, yasema mkimbizi ana haki ya kufanya kazi au biashara, au ufundi ambao vyeti vyake vinakubaliwa nchini. Maneno ni mazuri. Lakini mkimbizi yampasa bado kupata kibali, na kibali cha daraja la M, ijapokuwa hakina ada, kina safari ndefu na barua nyingi. Tajiri asiyejua sheria hutazama kitambulisho cha mkimbizi, akaona si kama chake, akasema, kazi imejaa. Haki iliyoandikwa ambayo mwajiri hajaisoma ni kama taa isiyo na mafuta.

La pili, mahali mtu anapowekwa. Twakumbuka mwezi Januari 2001, baada ya damu kumwagika Pemba kwa mambo ya uchaguzi, watu zaidi ya elfu mbili walivuka mpaka Shimoni. Waliokuja walikuwa watu wa bahari, nao walifikia kwa watu wa bahari wanaosema Kiswahili. Wakahamishwa, wakapelekwa kambi za Dadaab, bara, mahali pasipo na ufuo wala mashua. Wengi wao walirudi kwao mwaka huo huo mambo yalipotulia. Hatusemi waliowahamisha walikuwa na nia mbaya. Twasema tu kwamba mvuvi ukimweka jangwani umemwondolea kazi kwa siku moja, hata kama ungempa hema zuri na unga kila wiki. Na leo Kenya ina wakimbizi zaidi ya laki nane, wengi wao Dadaab na Kakuma, na kutoka kambini bila ruhusa ni kosa. Kazi iko Mombasa, Malindi na Nairobi, mtu yuko Kakuma. Mpango wa Serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, wataka kambi hizo zigeuke kuwa makazi ya kawaida yenye manispaa, wenyeji na wakimbizi wapate shule, hospitali na masoko pamoja. Na tuungoje kwa macho mawili, tuuhukumu kwa matendo yake.

La tatu, lugha. Hapa pwani yetu ina baraka. Katika miaka ya tisini, baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakimbizi walifika kwa majahazi na kuwekwa kambini Utange na mahali pengine karibu na Mombasa, na hata Marafa, bara ya Malindi. Wengine wao walikuwa watu wa Barawa, na Chimwini chao ni ndugu wa Kiswahili chetu. Mtu wa namna hiyo hafiki mgeni kabisa. Akisema sokoni hueleweka. Lakini baadhi yao wakapelekwa Marekani, na huko mlango ukawa lugha. Fundi cherehani hodari, asiyejua Kiingereza, huonekana ni mtu asiyejua kitu, akapewa kusugua sakafu. Si kwamba kusugua sakafu ni aibu. Wako wanachama wetu wengi wafanyao kazi hiyo kwa heshima katika hoteli za Malindi. Ubaya ni kumfungia fundi katika kazi moja kwa sababu ya ulimi, na asipewe saa ya kujifunza.

La nne, vyeti na ujuzi. Mganga wa Kongo, mwalimu wa Burundi, fundi umeme wa Somalia, kila mmoja amekimbia na nguo alizovaa. Vyeti vimeungua au vimebaki. Na ujuzi mwingine hauna cheti hata kwa wenyeji: nani alimpa nahodha wetu cheti? Lakini nchini mwetu pana mtihani wa ufundi wa NITA, wa gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Mtu aliyejifunza kwa mikono aweza kuufanya mtihani huo akapata karatasi inayoheshimiwa kote nchini. Jambo hili lafaa wageni, na lafaa wanachama wetu vile vile, kwa maana waashi, maseremala na mafundi bomba wengi wa Kilifi wanalipwa kama vibarua kwa kukosa hicho cheti.

La tano, vyombo na mtaji. Tanzania ina mifano miwili ya kutufunza. Waburundi waliokimbia mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima wakajilisha, hata wakauza mazao nje ya makazi yao. Na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 wakapewa uraia. Tena Wabantu wa Somalia, ambao wengi wao mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka Tanzania na nchi za kusini, walikimbilia Tanga mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wakafika Handeni, wakawakuta Wazigua, na wengine wao Kizigua walikuwa wakikijua bado, kimehifadhiwa tangu mababu. Serikali ikawapa mashamba katika makazi ya Chogo, na wengi wakawa raia. Ndugu zao waliobaki Kenya walikaa kambini miaka zaidi ya kumi, kisha wapatao elfu kumi na mbili wakakubaliwa kwenda Marekani, wakaanza kusafiri kwa wingi tangu mwaka 2003. Huko walitakiwa wajitegemee baada ya miezi michache. Wakachukua kazi iliyo karibu: kufagia, kuosha, kukata nyama viwandani. Lakini wako walioomba ardhi, kama wale wa Lewiston katika jimbo la Maine, wakarudia kilimo walichokijua, wakauza mboga zao sokoni. Mkulima ni yule yule. Aliyepewa jembe alisimama mapema, na aliyenyimwa alisimama kwa kuchelewa na kwa taabu kubwa.

La sita, kujuana. Tuseme kweli: wangapi miongoni mwetu tulipata kazi kwa kusoma tangazo? Wengi tuliambiwa na shemeji, na jirani, na mwenzetu wa madrasa au wa kanisa, kwamba mahali fulani yatakiwa watu wawili. Mgeni hana shemeji. Anaowajua ni wageni wenziwe, nao hawana kazi. Ndiyo sababu kundi zima laweza kuingia katika kazi moja ya chini, likabaki humo hata wajukuu, si kwa uvivu bali kwa kukosa mtu wa kuwaambia.

La saba, wanawake. Mama aliyefika na watoto watatu na mume amebaki nyuma au amekufa, hawezi kushika zamu ya usiku hotelini. Atauza mahamri, atakaanga samaki, atafua nguo nyumbani kwa watu. Kazi za namna hiyo hazina saa, hazina likizo, na mshahara wake hupunguzwa kwa neno moja la bibi mwenye nyumba. Katika kuhesabu nani amepata kazi, mama huyu huhesabiwa amepata. Lakini kazi aliyopata ni ya kumfanya asife tu.

MALALAMIKO YA WENYEJI YANA HAKI YAKE

Sasa twageukia wale wanachama wasemao, mbona twawasemea wageni na sisi wenyewe tu hoi? Ndugu hawa hatuwadharau. Kweli kiwanda cha korosho cha Kilifi kilikuwa riziki ya watu wengi, kikafa. Kweli hoteli nyingi hufunga masika yakija, na mfanya kazi hupelekwa nyumbani bila mshahara mpaka wageni warudi. Kweli mwaka 2020 maradhi ya Korona yalifunga kila kitu. Kweli wako Wagiriama, Wachonyi na Wakauma walioishi juu ya shamba moja tangu babu zao, na hati ya ardhi hawana. Nao waitwa maskwota katika nchi yao wenyewe. Na upande wa bahari, wavuvi wetu wana ugomvi wao juu ya nyavu za ringi, zilizokuja na wavuvi wa kutoka kusini, ambazo hukusanya samaki wengi kwa mara moja na kumwachia mwenye mshipi na malema kidogo. Ugomvi huo ni wa haki kuuzungumza. Lakini na uzungumzwe kama ugomvi wa nyavu na wa wenye nyavu, usigeuzwe kuwa ugomvi wa kabila. Mara nyingi Mpemba aivutaye ringi haimiliki. Yuko tajiri nchi kavu, amekaa kivulini, angojea hesabu.

Na hapo ndipo penye kiini cha maneno yetu. Nani apunguzaye mshahara? Chukueni mfano. Pana kazi ya kibarua ya kujenga, na bei ya siku yajulikana. Tajiri amwona mtu asiye na karatasi. Amwambia, wewe nitakupa nusu, na ukisema neno nitakuitia polisi. Yule mtu akubali, kwa sababu watoto wana njaa. Kesho tajiri huyo amwambia mwanachama wetu, yuko mtu afanyaye kwa nusu, wataka au hutaki? Hapo mwanachama wetu amkasirikia yule mgeni. Lakini aliyetunga bei ile ni nani? Ni yule mgeni, au ni tajiri? Na silaha aliyoitumia tajiri ni ipi? Ni hofu ya yule mgeni ya polisi. Mwondolee mgeni hofu hiyo, mpe kadi ya chama, na tajiri amenyang'anywa silaha. Mwache nje, na silaha hiyo itaelekezwa kwako kila mwezi. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Sheria iko upande wetu tukitaka kuitumia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yasema kila mtu ana haki ya kutendewa kwa haki kazini, na kila mfanya kazi ana haki ya kujiunga na chama. Haikusema kila raia. Imesema kila mtu na kila mfanya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yakataza kubagua mfanya kazi kwa sababu ya taifa lake au kabila lake, na yaamuru malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa. Kweli sheria hiyo yaruhusu kumtanguliza raia wakati wa kuandika watu kazi. Lakini haimruhusu tajiri kumwandika mgeni kisha akamlipa nusu. Tena yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kiasi cha mwezi asihesabiwe tena kuwa kibarua wa siku. Wangapi katika sisi twakijua kifungu hicho? Basi mgeni atakijuaje?

Na jambo jingine liko kambini, nasi kama chama hatuwezi kulinyamazia. Huko mkimbizi afundishaye shule au asaidiaye wagonjwa hapewi mshahara. Hupewa posho, ambayo ni kidogo sana kuliko anacholipwa Mkenya afanyaye kazi kama ile ile chini ya paa moja. Mkenya naye asifurahi. Penye watu wawili na bei mbili, bei kubwa haikai salama.

SISI NI NANI?

Mwisho tuulizane, sisi watu wa pwani hii ni nani hata tuseme hatujui ukimbizi? Tangu mwaka 1875 palikuwapo Frere Town kule Kisauni, makazi ya watu walioachwa huru kutoka majahazi ya watumwa. Huko bara ya Kilifi palikuwa na Fuladoyo, mji wa watoro waliokimbia mashamba ya Malindi na Mombasa, wakalima na kujitetea. Tarehe 1 Januari 1889, pale Rabai, watu zaidi ya elfu moja waliokuwa wametoroka utumwa walipewa hati za uhuru baada ya fidia kulipwa. Karatasi tena! Watu hao tayari walikuwa wakilima na kujenga, lakini bila karatasi ile mtu yeyote angaliweza kuja kuwadai. Wajukuu wao leo ni jirani zetu, na wengine ni wanachama wetu.

Mwaka 1914 Waingereza waliwafukuza Wagiriama kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, wakachoma nyumba, kwa sababu watu walikataa kodi na kupelekwa kazi za mashamba na uchukuzi. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walikuwa wamekwisha kupelekwa mbali mpaka Kisii. Watu waliotolewa katika mashamba yao wakaambiwa ni wavivu kwa kuwa hawataki kazi ya mzungu! Neno hilo la uvivu ndilo lile lile analoambiwa mkimbizi leo. Na katika vita vya shifta vya miaka ya sitini, Wabajuni waliacha vijiji vyao vya bara ya Lamu, wengi wakashuka mpaka Malindi na Mombasa, wakaanza upya.

Wazee wetu wakumbuka pia kipande. Tangu mwaka 1920 mwanamume wa Kiafrika alitembea na kipande shingoni katika kikopo cha chuma, kimeandikwa tajiri wake na mshahara wake, ili asipate kuhama kutafuta bei bora. Karatasi ile ilikuwa kamba. Leo kamba ni ile ya kukosa karatasi. Lakini mwenye kuishika kamba ni yule yule, na anayefungwa ni yule yule mfanya kazi.

Na mwezi Januari 1947, wafanya kazi wapatao 15,000 walipogoma Mombasa, walikuwamo Wamijikenda, Waswahili, Wakikuyu, Wakamba, Wajaluo, na wengine wa bara ambao mji uliwaita wageni. Lau wangaliulizana kwanza, wewe watoka wapi, mgomo ule usingalimaliza hata asubuhi moja.

TUFANYE NINI?

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mashauri haya, myazungumze katika mikutano ya matawi kabla ya mkutano wa mwaka.

1. Mtu yeyote afanyaye kazi mahali penye tawi letu akubaliwe kuwa mwanachama, alipe ada kama wengine, asiulizwe kabila lake.

2. Kila tawi lidai bei moja kwa kazi moja. Mwanachama akiona mgeni analipwa chini, alete habari kwa katibu. Asimtukane yule mgeni.

3. Kila tawi lichague mtu mmoja mwenye subira, afuatane na Wapemba waliopata vitambulisho na wenye vitambulisho vya ukimbizi katika ofisi za Serikali, bandarini kwenye BMU, na kwa matajiri, awasomee vifungu vya sheria.

4. Chama kiandikishe mafundi wetu, wenyeji na wageni pamoja, wafanye mtihani wa NITA.

5. Akina mama wa kazi za nyumbani na wakaanga samaki watafutwe, wapewe siku na saa ya mkutano inayowafaa. Kuwaita usiku ni kuwaambia wasije.

6. Viongozi wetu walipeleke jambo la posho za kambini mbele ya COTU.

Hatukuahidi kwamba mambo haya yataongeza kazi kesho asubuhi. Kazi za Malindi na Kilifi ni chache, na uchache huo haukuletwa na Mpemba wala Msomali. Lakini twaahidi jambo moja: wafanya kazi waliogawanyika hulipwa kila mtu peke yake, na kila mtu peke yake hulipwa kidogo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mgeni wetu amekwisha kukaa siku mbili. Wengine wamekaa miaka sitini. Siku ya tatu imefika. Na tulitoe jembe uvunguni, twende shambani pamoja, na wakati wa kugawana mavuno tuwe kitu kimoja mbele ya mwenye ghala.

Umoja ni nguvu.

Mhariri